Kalamu Mbili za Mwambweni

Sogeeni. Lakini msiniegemee magoti, magoti haya yalizeeka kabla ya mwenyewe. Wewe uliye mlangoni, shusha huo mkeka, upepo unaingia. Haya. Nikiuliza "Mpo?" nyie jibuni "Tupo na masikio yetu."

Mpo?

Tupo na masikio yetu!

Basi kulikuwa na kulikokuwa, siku zile mawe bado laini na majina ya watu bado mapya. Bibi yangu alikisikia kisa hiki kwa bibi yake, na huyo naye alikikuta kinasimuliwa. Kulikuwa na miji miwili ya Mrima, mmoja Mwambweni, wa pili Kitapo. Na kati ya miji hiyo kulikuwa na visima. Visima vyenyewe vya maji ya chumvichumvi, maji ambayo nyinyi leo mngeyatema. Lakini ndiyo yaliyokuwapo, na watu waliuana kwa ajili yake.

Vita vile vilianzaje? Wengine walisema ni kata ya kuchotea maji iliyovunjwa. Wengine walisema ni mbuzi aliyekunywa kabla ya zamu yake. Waliojua walikwisha kufa, na waliobaki walikuwa wanaendelea tu. Leo Mwambweni wanalia, kesho Kitapo wanalia. Leo huku matanga, kesho kule matanga. Mpaka sanda ikawa ndiyo nguo inayofumwa kuliko zote.

Sasa pale Mwambweni aliishi mwanamke mmoja, jina lake Mwanamvua. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kuvuta kamba ya kerezo.

Kerezo mmeliona? Hamjaliona. Ni vigingi viwili vifupi vilivyokitwa ardhini vikitazamana, kila kimoja kina msumari wenye ncha. Kipande cha mti hubanwa katikati ya misumari ile, kama mtoto aliyeshikwa masikio mawili. Kisha kamba ya ngozi huzungushwa kwenye mti, na mtu mmoja huivuta, huku na huku, mti ukawa unazunguka. Mwingine huchutama mbele na patasi yake, akaugusisha mti makali, ukachongeka mviringo. Mmoja anavuta, mmoja anakereza. Vuta, legeza. Vuta, legeza. Na watu wakija kuchukua kazi zao husema, "Fundi, Mungu akupe umri." Mvuta kamba hatajwi.

Fundi alikuwa Kibwana, mdogo wake Mwanamvua wa tumbo moja. Pwani yote ile hakuna aliyekereza kalamu kama yeye. Kalamu zake zilikuwa za mpingo, nyembamba kiunoni, nene kidogo pale vidole vinaposhika. Kichwani zilitobolewa kwa keke, na ndani ya tundu hilo kikachomekwa kipande cha tete kilichochongwa mdomo wa kuchovya wino. Walimu wa chuoni walizipenda, makadhi walizipenda. Na nyuma ya kila kalamu alikuwapo Mwanamvua na kamba yake. Vuta, legeza.

Mwanamvua alikuwa amechoka, wajukuu zangu. Sisemi uchovu wa kulima, ule ukilala unaamka umekwenda. Huu ulikuwa umehamia mwilini mwake na vyombo vyake vyote. Mwanawe wa pekee, Mrisho, alikufa kule visimani kwa mshale wa Kitapo. Wakamleta juu ya kitanda cha kamba, miguu imezidi kitanda, maana alikuwa mrefu. Akazikwa. Siku matanga yalipoanuliwa, Mwanamvua alirudi kwenye kibanda cha kerezo, akaketi mahali pake, akashika kamba. Hakulia mbele ya watu. Alivuta, akalegeza. Angefanya nini kingine?

Nyinyi semeni nami: vuta...

Legeza!

Ehe.

Mwisho hata majumbe, wakuu wa miji ile, walichoka. Jumbe wa Mwambweni na Jumbe wa Kitapo walikutana mbele ya shehe mmoja wa mbali, wakakubaliana visima viwe vya wote, na mapatano yaandikwe, kila mmoja atie mkono wake Ijumaa baada ya mwezi kuandama. Lakini mtu aliyekwisha kukuulia ndugu humwamini hata kijiti chake. Kitapo wakasema, "Kalamu ikitoka kwenu, itakuwa imetiwa dawa." Mwambweni wakasema, "Na yenu je?" Wakabishana hapo jua likazunguka. Ndipo shehe akasema, "Kateni gogo moja la mpingo mpakani, mbele ya macho ya wote. Kalamu mbili zitoke katika gogo hilo hilo, kwa fundi mmoja, na shahidi wa Kitapo akae hapo mpaka zitakapokwisha."

Fundi mmoja alikuwa nani? Mnamjua.

Basi asubuhi moja tarishi wa Jumbe akafika kibandani na gogo begani, na nyuma yake mzee mwembamba aliyevaa makubadhi yaliyokwisha visigino.

"Hodi hapa!"

"Karibuni," akajibu Kibwana.

"Fundi, Jumbe anakusalimu. Gogo hili hapa. Na huyu ni Mzee Kondo, shahidi kutoka Kitapo. Atakaa nawe mpaka kazi iishe."

Mwanamvua alikuwa ameshika kamba. Aliposikia neno Kitapo, akaiachia. Ikaanguka mavumbini.

"Kibwana, tafuta mtu mwingine wa kuvuta."

"Dada..."

"Nimesema. Mikono hii ndiyo iliyomwosha Mrisho uso. Leo niivutishe kamba kwa ajili ya kalamu ya Kitapo?"

Yule mzee aliinamisha macho.

Kibwana akamvuta dada yake pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, vijana wote nimekwisha kuwauliza. Wamekataa. Wanasema damu za ndugu zao bado hazijalipwa. Wanangoja tu Ijumaa ipite bila mapatano, warudi visimani. Nimwombe nani tena?"

Mwanamvua akamtazama mdogo wake. Angeweza kubishana. Maneno alikuwa nayo, mengi, mazuri. Lakini kubishana nako kunataka nguvu. Akainama, akaiokota kamba, akaipangusa vumbi kwa upindo wa nguo yake. Msidhani alilainika. Alichoka tu kusimama.

Wakalipasua gogo. Kumbe lilikuwa na ufa ndani! Kwa nje zima, kwa ndani limeoza njia ndefu, na katika lote hilo vilipatikana vipande viwili tu vilivyofaa. Kibwana akavigongagonga, akavisikiliza, akashusha pumzi. "Hiki na hiki. Kimoja kikivunjika, hakuna kingine."

Kazi ikaanza. Mpingo mgumu, wajukuu zangu, mpingo haubembelezeki. Patasi inalia, kamba inanguruma, unga mweusi unawaganda puani. Vuta, legeza. Vuta, legeza. Mzee Kondo ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, macho hayabanduki kwenye kerezo, kama alivyoagizwa na wazee wake.

Alikuja na kibuyu chake cha maji, maana hakutegemea kupewa kitu Mwambweni. Mwanamvua naye hakumpa. Akimpelekea ndugu yake maji, alimpita yule mzee kama anavyopita kigingi. Siku ya pili kibuyu kilikuwa kitupu. Mwanamvua alimwona akikiinua, akikitikisa, akikirudisha chini taratibu bila kuomba. Akaendelea kuvuta. Jua likapanda. Akaendelea kuvuta. Midomo ya yule mzee ikafanya weupe. Hatimaye Mwanamvua akainuka, akachota kata ya maji mtungini, akaitua chini, katikati, mbali na mkono wake na mbali na wa mgeni.

"Maji hayana kosa," akasema, akarudi kwenye kamba.

Mzee Kondo akaifuata kata, akanywa. "Ahsante, mama."

Kamba ikanguruma tena.

Kalamu ya kwanza ikamalizika, ikasuguliwa kwa majani ya msasa, ikapakwa nta, ikang'aa kama jicho. Kibwana akaishika juu, akacheka. Ndicho kicheko pekee kilichosikika kibandani siku zile. Kesho yake akashikwa na homa. Homa ile ya meno kugongana, shuka juu ya shuka na bado baridi. Alijaribu kuchutama mbele ya kerezo, patasi ikamtoka mkononi. Mwanamvua akamwinua kwa makwapa, akamrudisha ndani, akamlaza.

Ijumaa ilikuwa mlangoni. Kalamu moja ipo, ya pili bado kipande cha mti.

Mwanamvua akarudi kibandani, akasimama akilitazama kerezo. Yule mzee akakohoa.

"Mama, patasi unaijua?"

"Naijua kwa macho."

"Basi kamata patasi. Mimi nitavuta kamba."

Hebu fikirini. Nani kati yenu angekubali? Mkereza huweka vidole vyake karibu na mti unaozunguka, makali yako hapo hapo. Mvuta kamba akishtua mkono, akivuta kwa ghafula, patasi inaruka na vidole vinakwenda nayo. Anayevuta anashika mikono yako ndani ya mkono wake. Na huyu ni mtu wa Kitapo.

Mwanamvua akaiokota patasi. Akaipima uzito. Halafu akauliza bila kugeuka, "Vita vya visimani, wakati wa mavuno ya mtama. Ulikuwapo?"

Mzee Kondo akakigeuza kibuyu chake mkononi. Angeweza kusema hakuwapo. Nani angemjua?

"Nilikuwapo."

"Uliua?"

"Vumbi lilikuwa limepanda, mama. Hatukuonana nyuso. Nilirusha mishale, nikarudi nyumbani na podo tupu. Ilikokwenda sijui. Kila nikiketi peke yangu najiuliza, na sijui."

Mwanamvua akaitupa patasi. Ikalia juu ya jiwe. Akatoka, akaenda ndani kwake, akaketi sakafuni karibu na kitanda cha ndugu yake, mgongo ukutani. Akajiambia: mshale huenda ulikuwa wake. Akajiambia tena: na huenda haukuwa. Hakupata kujua lipi kati ya hayo mawili lilikuwa zito zaidi. Alitaka kumchukia, chuki yenyewe ikawa kama mtungi uliojaa. Utaubeba mpaka wapi, na mgongo umekwisha?

Alikaa vile mpaka kukapambazuka. Ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, akasikia mtu ananoa chuma. Shii, shii, shii. Alikuwa mwana wa jirani, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinafikiri kama zitoke. Ananoa mkuki, huku anaimba kwa raha. Kisha sauti ya mama yake: "Wee mwanangu, uji unapoa! Njoo ule kwanza!"

"Nakuja, mama!"

Basi tu. Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa, na kila nyumba huyasema kila asubuhi. Lakini Mwanamvua aliyasikia, akashika ukuta, akainuka.

Kibwana akafumbua macho. "Unakwenda wapi, dada?"

"Kazini."

"Umemsamehe?"

"Sijamsamehe mtu. Nimechoka, Kibwana. Acha niende nikamalize."

Alimkuta Mzee Kondo pale pale juu ya kinu, kipande cha mpingo mapajani, patasi ameifuta na kuilaza juu ya jani safi. Hawakusalimiana. Mwanamvua akakibana kipande kati ya misumari, akazungusha kamba, akamsukumia yule mzee ncha zake mbili.

"Usivute kwa bega. Vuta kwa kiwiko. Nikisema basi, iwe basi."

"Nimesikia."

Vuta, legeza.

Mwanzoni kamba ilikwenda kwa kukwamakwama, na kila ikikwama moyo wa Mwanamvua ulikwama nayo. Alikaza patasi mpaka viungo vya vidole vikawa vyeupe. Alingojea ule mshtuo. Haukuja. Taratibu mkono wa mzee ukalainika, mti ukaanza kuimba, unga mweusi ukaanza kumwagika. Jua likaingia kibandani, likawapanda miguuni, likawapanda magotini. Vuta, legeza. Watu wawili waliochoka, uso kwa uso, na kati yao kijiti.

Katikati ya kazi Mwanamvua akauliza, "Una watoto?"

Kamba haikusimama. "Nilikuwa nao."

Hakuuliza walikufaje. Hata nyinyi mnajua. Alipuliza unga uliokuwa juu ya mti, akaendelea, na macho yake yote mawili yalikuwa yanavuja, na ya yule mzee vilevile. Mtu angepita angesema ni unga wa mpingo, nao kweli huwasha macho.

Walipofika kiunoni mwa kalamu, pale pembamba panapovunjika upesi, mkono wa Mwanamvua ukalegea. Ulikuwa umefika mwisho wake. Patasi ikateleza, ikampasua kidole gumba.

"Basi!" akalia.

Lakini kamba ilikuwa imekwisha kusimama kabla hajasema. Mzee Kondo alikuwa ameikaza kwa mikono yote miwili, mwili mzima umeinama nyuma, mti haukuzunguka hata unywele.

"Umeumia, mama?"

"Kalamu imevunjika?"

"Nimekuuliza wewe."

Mwanamvua akatazama kidole chake, akatazama mti. Mti ulikuwa mzima. Mzee Kondo akachana upindo wa shuka lake, akamnyooshea kitambaa. Kwa mara ya kwanza mkono wa Mwambweni ukapokea kitu moja kwa moja kutoka mkono wa Kitapo. Akajifunga kidole, akaikamata tena patasi.

"Taratibu sasa," akasema. "Pamebaki padogo."

"Taratibu," mzee akajibu.

Wakamaliza. Wakatoboa tundu kwa keke, wakasugua kwa msasa, wakapaka nta. Mwanamvua akazilaza kalamu zote mbili juu ya kiganja chake. Ukitazama sana, ya pili ilikuwa nene kidogo pale kiunoni, haikuwa na ule urembo wa Kibwana. Lakini zilikuwa za gogo moja, na zilikuwa nzima.

Ijumaa ikafika. Watu wa miji miwili wakakusanyika uwandani, wanaume kwa wanawake, wengine kwa furaha, wengine kwa kununa, na vijana wamesimama nyuma na mikuki yao waone itakavyokuwa. Mzee Kondo ndiye aliyezibeba kalamu. Kabla hajaondoka alisimama mbele ya kibanda.

"Mama, twende ukashuhudie. Ni kazi yako."

"Nenda, mzee wangu. Mimi nitapumzika kidogo."

Amemwita nani? Mzee wangu. Nanyi mmesikia. Yeye mwenyewe sidhani kama alijisikia.

Kule uwandani shehe akasoma mapatano mpaka mwisho, akachovya kalamu ya kwanza, akampa Jumbe wa Kitapo. Akachovya ya pili, ile nene kiunoni, akampa Jumbe wa Mwambweni. Tete zikakwaruza karatasi. Ikaandikwa kwamba visima ni vya wote, na mwenye kumwaga damu kisimani amemwaga ya nduguye. Ngoma zikapigwa. Wale vijana wakatazamana, wakazungushazungusha mikuki mikononi, kisha mmoja akaulaza wake chini, na mwingine, na mwingine, kwa shingo upande lakini wakailaza. Jirani yake Mwanamvua akamkimbilia mwanawe, akamkumbatia mbele za watu, kijana akaona haya.

Jumbe wa Mwambweni akauliza, "Yuko wapi aliyeimaliza kazi hii? Mleteni avishwe nguo mbele ya watu wote."

Mzee Kondo akamtaja Mwanamvua. Tarishi akaenda mbio, shuka jipya begani. Alipofika kibandani akamkuta Kibwana ameketi kizingitini, macho yameingia ndani kwa homa, fimbo mapajani.

"Jumbe anamwita dada yako!"

"Amelala."

"Mwamshe basi! Watu wote wanangoja!"

Kibwana akageuka, akachungulia ndani. Mwanamvua alikuwa amelala pale pale chini kando ya kerezo, juu ya maranda, mkono chini ya shavu, kidole kimefungwa kitambaa. Usingizi wa mtoto mchanga, usingizi usio na kitu ndani yake. Ngoma zinalia mji mzima, yeye hazisikii.

"Mwambie Jumbe angoje," akasema Kibwana. "Akichoka kungoja, naye alale."

Tarishi akaiacha ile nguo mlangoni, akarudi.

Alasiri watu wa Kitapo wakashika njia ya kwao, na njia hiyo hupita mbele ya kibanda. Walikuja wakiimba. Mzee Kondo alikuwa mbele. Alipomwona Kibwana ameweka kidole mdomoni, akainua mkono, nyimbo zikakatika. Kisha akainama, akayavua makubadhi yake yasiburure mchangani, akayabeba kwapani, akapita peku. Na watu wote wa Kitapo waliomfuata, wazee kwa vijana, wakavua viatu vyao, wakapita mmoja mmoja, kimya, wasimwamshe.

Hivyo ndivyo vita vile vilivyokwisha.

Sasa sikilizeni, maana nami nimechoka na taa haina mafuta mengi. Msiwangoje wenye nguvu wawaletee amani. Wenye nguvu bado wananoa. Amani huletwa na waliochoka, wakakubali kuivuta kamba siku moja zaidi, hata kama kusamehe bado hawajaweza. Na mkimwona mtu wa namna hiyo amelala, vueni viatu mpite.

Kisa nimekitua hapa chini. Mwenye mabega na akibebe. Asiye nayo akiache njiani, wapitao watakiokota.